Mstari wa Jina la Baba

Mbuzi alichinjwa Jumamosi kwa ajili ya Ndinda, na Ndinda hakuweza kula hata mnofu mmoja. Alisingizia tumbo. Mama yake, Mbithe, alimpakulia ini, naye akalizungusha kwenye sahani mpaka mafuta yakaganda. Wanawake wa kanisani waliimba, mchungaji akaomba bahari impokee vizuri binti wa Mutomo, na watu wakasema ni furaha tu imemjaa mpaka kooni. Tumbo lilikuwa zima kabisa. Kilichomkaba ni maneno mawili aliyokuwa ameandika kwa mkono wake siku nne kabla, mchana kweupe, bila mtu kumshikia kalamu.

Aliyefurahi kuliko wote ni Syokau, ambaye Ndinda humwita Susu, yaani nyanya. Ana miaka themanini na ushei, goti moja halikunjiki, na siku hiyo alikaa kwenye kiti cha plastiki katikati ya boma akimwamuru kila anayejua kusoma amsomee barua ya wito. Alisomewa mara tano. Kila ilipofika pale inaposema kwamba Ndinda Syokau ataripoti mafunzoni baada ya wiki tatu, kisha apelekwe jeshi la wanamaji kuwa fundi wa injini, Susu alipiga kofi kwenye goti lake zima na kusema, "Hapo. Rudia hapo." Hakuna aliyemsomea mistari ya mwisho, ile ya herufi ndogo, iliyoeleza kwamba habari zote za kwenye fomu zitahakikishwa nyumbani, na atakayepatikana amedanganya atapoteza nafasi. Hiyo Ndinda alikuwa ameisoma peke yake, na si mara tano tu.

Sasa huyu Susu inabidi tumweleze vizuri, maana asiyejua mambo ya Ukambani atadhani ni nyanya kama nyanya wengine. Mume wake, Nzomo, alikufa bila kumwachia mtoto, na kabla kaburi halijakauka ndugu za marehemu walikuwa wameshaanza kulipima shamba kwa macho. Syokau hakupoteza muda wa kulia. Alitoa ng'ombe, akatoa mbuzi, akawapeleka kwa kina Mbithe upande wa Ikutha, akaoa. Ndiyo, akaoa. Mwanamke kuoa mwanamke mwenzake ili amzalie watoto wa boma lake ni desturi ya Wakamba tangu zamani, na anayeolewa hivyo huitwa iweto. Hakuna ya chumbani hapo, wenye mawazo yao wayaweke mbali. Kinachotafutwa ni nyumba isifungwe na jina lisipotee.

Mbithe alikuja na sanduku lake la bati, akajengewa nyumba, na mwaka wa pili akamzaa Ndinda. Mwanamume aliyehusika, mnunuzi wa mbuzi aitwaye Mulinge, alijua sheria zake: mtoto si wake, jina lake halitajwi ndani ya boma lile, na akikutana na mtoto sokoni atamsalimu kama anavyosalimu watoto wa watu. Kwa mahari, kwa jina na kwa kila kitu kinachohesabika mbele ya watu, baba wa Ndinda ni Syokau. Ndiye aliyembeba mgongoni hadi hospitali ya misheni alipoumwa na nyoka. Ndiye aliyekaa kwenye mikutano ya wazazi na leso yake na fimbo yake, akiuliza walimu maswali ambayo akina baba wengine hawakuthubutu kuuliza.

Kanisa halikupenda mambo hayo. Kwa zaidi ya miaka ishirini Syokau amekaa benchi la nyuma siku ya Meza ya Bwana, mkate ukimpita, na hajawahi kukosa Jumapili. Watoto wa Sunday school nao walikuwa na utani wao: baba ya Ndinda anafunga leso. Ndinda alipigana nao mpaka darasa la sita. Halafu akachoka kupigana, akaanza kuona haya, na tangu hapo alijifunza kutembea hatua mbili mbele ya Susu wakienda sokoni. Susu alidhani ni haraka za ujana.

Alipomaliza sekondari alipelekwa Makueni, kwenye chuo kimoja cha ufundi karibu na Tawa, na huko akapata raha ya kutojulikana. Jumamosi na jioni alifanya kazi kwa Kitonga, mzee aliyestaafu wanamaji na kufungua gereji ya kutengeneza pampu za maji na mashine za posho. Watu walimwita Afande. Alikuwa mkali wa mdomo, na wiki ya kwanza yote alimpa Ndinda kazi moja tu, kuosha nozeli kwa dizeli mpaka vidole vikababuka. Alipoona hakimbii, akaanza kumfundisha.

"Watu wa huku wakisikia navy wanafikiria kuogelea," alikuwa akisema. "Kuogelea utafunzwa. Meli ni injini. Injini ikizima huko ndani, kapteni na mpishi wote wanakuangalia wewe."

Basi Ndinda akaitaka hiyo kazi kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote. Kitonga akamweleza njia yake hatua kwa hatua. Cheti cha ufundi kiwepo, na cha sekondari, na kitambulisho, vyote halisi, si nakala, na majina yafanane herufi kwa herufi. Tangazo likitoka gazetini, aende akasajiliwe nyumbani kwao Mutomo, asijaribu kujipenyeza Tawa. Akimbie kila alfajiri. Watampima urefu na uzito, watamfungua mdomo wahesabu meno, watamwambia avue viatu watazame nyayo. Na mtu yeyote atakayemwambia kwamba anamjua mtu, amkimbie huyo pia.

Kisha siku moja Kitonga alipitia karatasi zake na kukuta cheti cha kuzaliwa hakina kitu kwenye nafasi ya baba. Hakushangaa. Alimwambia hata kwenye fomu ya jeshi afanye hivyo hivyo, apige mstari na kuendelea mbele, kwani amefanya kazi na mabaharia hodari wasiokuwa na baba kwenye karatasi.

"Kitu hawapendi ni mtu wa kudanganya," alisema. "Ukidanganya kwa fomu, kesho utadanganya kwa kitabu cha injini. Hapo sasa watu wanakufa."

Akamuuliza, kwa kupitisha maneno tu, Syokau ni nani. Ndinda akasema ni nyanya yake, mama ya mama. Uongo ule ulitoka laini sana, akashangaa mwenyewe kwamba haukuuma.

Siku ya usajili uwanja wa Mutomo ulijaa vijana mpaka kwenye ua. Ndinda aliandikwa nambari mkononi kwa wino mweusi, akakimbia mizunguko yake peku, akawa wa tatu kati ya wasichana. Urefu ulitosha. Meno yalikuwa yote, ya kahawia kidogo kwa sababu ya maji ya visima vyetu, lakini yote. Nyayo zilikuwa na upinde wake. Kila hatua wengine walirudishwa nyumbani wakiwa na bahasha zao za plastiki kwapani, na kufikia saa saba walibaki wachache, akiwemo yeye. Nyuma yake kwenye foleni ya mwisho alisimama Katunge, ambaye zamani alikuwa na sauti nzuri kuliko wote kwenye utani wa Sunday school.

Mezani alikaa afisa mwenye miwani, mtu mpole, wala tusimsingizie ukali. Alifungua kitambulisho, akauliza kama anavyouliza mtu anayetaka tu kuelewa, kwamba Syokau si jina la mwanamke? Ni jina la mama? Ndinda akasema hapana. Afisa akauliza basi ni la nani.

Hapo Ndinda alisikia Katunge akivuta pumzi kwa pua, pumzi ya mtu anayejiandaa kucheka. Labda alikuwa na mafua. Ndinda hakungoja kujua.

"Ni la jirani mmoja mzee," alisema. "Baba yangu anaitwa Mulinge."

Afisa akasema vizuri, akamsukumia fomu. Kwenye nafasi ya baba palikuwa na mstari mtupu wenye nukta nukta, na angeweza bado kupiga kistari kimoja na kupita. Akaandika jina alilolijua kwa minong'ono ya sokoni tu: Mulinge Mbaluka. Mbele yake akaongeza: mfanyabiashara wa mifugo, Ikutha. Hata hakuulizwa hilo la pili. Aliliandika kwa mwandiko mzuri, akatia nukta mwishoni, akapewa barua ya wito, na Katunge akampongeza.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa, na ndiyo sababu ini liliganda kwenye sahani. Siku zilizofuata hazikumpa nafuu. Usiku alipanga namna ya kumwambia Mbithe, asubuhi akapanga namna ya kutomwambia. Alichota maji, akapasua kuni ambazo hakuna aliyezihitaji, akamkanda Susu goti kwa mafuta mara mbili kwa siku mpaka Susu akauliza kama serikali imeshaanza kumfunza uuguzi. Kila wema aliomtendea ulimfanya ajione mnafiki zaidi. Mara mbili alichukua simu kumpigia Kitonga, na mara mbili akairudisha mfukoni, kwa sababu alijua atakachoambiwa.

Maafisa walikuja Jumatano, saa nne asubuhi, mwanamke na mwanamume waliovaa nguo za raia, wakiongozwa na naibu wa chifu, Mutisya. Boma lilikuwa kwenye kazi ya ndengu. Mbithe alikuwa akipepeta kwa ungo, Ndinda akipiga maganda kwa fimbo juu ya turubai, na Susu kwenye kiti chake akichambua mawe. Mutisya, aliyezaliwa boma la tatu kutoka hapo na anayejua ya pale yote, alisalimia, kisha akaanza kuvitazama viatu vyake kama vimenunuliwa leo.

Yule afisa wa kike alikuwa na adabu. Alikaa alipoonyeshwa, akakubali maji, akafungua faili na kuuliza kama hapo ni nyumbani kwa Mulinge Mbaluka.

Ungo wa Mbithe ulisimama hewani. Miaka ishirini na miwili jina hilo halikuwa limesemwa ndani ya boma lile, na sasa lilisemwa na mgeni, kwa sauti ya ofisini, mbele ya kuku na watu.

"Ndinda ameandika hapa," afisa aliendelea, "baba ni Mulinge Mbaluka, mfanyabiashara wa mifugo, Ikutha. Mama ni Mbithe. Tunataka kuhakikisha tu. Ni familia hii?"

Ndinda alitamani ardhi ipasuke. Alijua neno moja tu la Susu lingemaliza kila kitu, na alijua Susu ana haki ya kulisema neno hilo. Susu alimgeukia polepole. Hakuonekana kukasirika. Alimtazama kama anavyomtazama mbuzi anayechechemea, akitafuta mwiba uko wapi. Kisha akawageukia wageni.

"Ni hii," alisema. "Mwenyewe ameenda Ikutha kununua mbuzi."

"Na wewe, nyanya, ni nani wake?"

"Mimi? Mimi ni jirani. Nimekuja kusaidia hawa na ndengu."

Afisa wa kiume akauliza mbona jina la msichana kwenye kitambulisho ni Syokau. Susu akasema hilo ni jina lake yeye. Alisema alikuwa karibu siku mtoto alipozaliwa, wakamheshimu kwa kumpa jina, na huku watu wanaheshimu majirani. Alisema yote bila kuyumba, na Mutisya alipoulizwa kama ni hivyo, alikohoa na kusema huyo mzee ni mtu wa ukweli, watu wote wanamjua.

Kama ingeishia hapo, labda Ndinda angeweza kuvumilia. Lakini Susu hakuwa mtu wa kufanya kazi nusu. Jirani hakai katikati ya boma la watu wakati wageni wa serikali wanaongea mambo ya familia. Alishika fimbo yake, akainuka kwa taabu kwenye kiti chake mwenyewe, na Ndinda alipomkimbilia kumsaidia, akamwondoa mkono kwa upole, kwa kuwa jirani hasaidiwi hivyo. Akamgeukia Mbithe, mke aliyemlipia mahari, akasema kwa Kiswahili ili wageni wasikie.

"Mama Ndinda, asante kwa uji. Wacha nirudi kwangu."

Mbithe aliukumbatia ungo. "Haya," alisema. "Asante kwa kutusaidia."

Na Syokau akaondoka. Akapita nyumba aliyoijenga na Nzomo, akapita zizi, akatoka kwenye lango la boma lake akiburuta lile goti, bila kugeuka nyuma, akashika njia ya kwa Kasyoka, jirani wa kweli. Ilimchukua muda mrefu kufika kwenye kona. Ndinda alisimama na fimbo ya ndengu mkononi akamtazama mwendo wote huo.

Yule afisa wa kike alikuwa akitia alama kwenye karatasi zake. Akasema, kwa mazungumzo tu, kwamba kumbe ni vizuri kukuta mtoto anamjua baba yake. Wengi huacha mahali hapo wazi, nao hawana shida na hilo, wanachotafuta ni kama aliyoandika mtu ndiyo yaliyopo.

Kulikuwa na nafasi ya kusema. Tusimtetee, ilikuwepo, na ilikuwa kubwa. Faili lilikuwa bado wazi, kalamu bado mkononi mwa afisa, Mbithe anamtazama, Mutisya anamtazama. Ndinda alifungua mdomo. Aliona injini, aliona barua, aliona Katunge akimcheka sokoni kwamba amefukuzwa kabla ya kuvaa sare.

"Asante, afande," alisema.

Wageni walipokwenda, Mbithe hakumgombeza. Ingekuwa afadhali kugombezwa. Aliweka ungo chini, akakunja turubai ambalo halikuwa limemaliza kazi, akamwambia aende akamlete Susu, halafu akaingia ndani na kufunga mlango.

Kwa Kasyoka si mbali. Ndinda alikwenda mbio, kisha karibu na ua akapunguza mwendo. Kasyoka alikuwa ameenda mtoni na punda. Susu alikuwa peke yake chini ya paa la jikoni, kwenye kigoda, ungo wa ndengu za Kasyoka mapajani. Hakuwahi kukaa na mikono mitupu maishani mwake, na hakuona sababu ya kuanza leo.

"Wamekubali?" aliuliza.

"Wamekubali, Susu. Twende nyumbani."

Susu alitikisa kichwa. Alisema watu wa serikali wana tabia ya kurudi, na wakirudi wakamkuta amelala kule, watajiuliza ni jirani gani huyo. Ameshaongea na Kasyoka, kitanda kipo. Atakaa hapo mpaka Ndinda apande gari la mafunzoni. Ni siku chache, wala si mbali, moshi wa jikoni kwao atauona. Na siku ya kuagana kanisani, mchungaji atakapoita wazazi waje mbele, asimwangalie yeye, watu wasije wakaelewa vibaya.

Ndinda alipiga magoti mbele yake akalia. Alilia kwa sauti, kama ambavyo hakuwahi kulia tangu alipoumwa na nyoka. Susu akamngoja amalize, akimpapasa kichwa kwa mkono wenye vumbi la ndengu.

"Wacha nikuulize kitu moja tu, mwana wakwa," alisema, na sasa sauti yake haikuwa imara kama mbele ya maafisa. "Ni serikali ilisema lazima uandike mwanaume. Si ndiyo?"

Kitonga alikuwa amemwambia si lazima. Afisa wa kike alikuwa amesema si lazima. Mstari wenyewe wa nukta nukta haukumlazimisha mtu. Jibu la kweli lilikuwa maneno mawili, niliona haya, na Ndinda aliyasikia yakipanda kifuani mpaka kwenye ulimi. Akainua uso. Susu alikuwa ameacha kuchambua, anamngoja, mdomo umeachama kidogo.

"Ndiyo, Susu," alisema. "Ilikuwa lazima."

Susu akashusha pumzi ndefu, na mabega yake yakalegea.

"Nilijua," alisema. "Nimemwambia Kasyoka, huyo mtoto wangu hawezi kufanya hivyo na moyo wake."

Akafurahi, akampangusa machozi kwa ncha ya leso, akamgawia nusu ya ndengu kwenye ungo mwingine. Ndinda akakaa chini kando yake na kuanza kutoa mawe.